Mkate wa Pascoe

Mlinzi hakugusa mifuko wala viatu vya Pascoe. Alifungua kopo la chakula, akautoa mkate wa nyama na viazi ulioliwa nusu, akaumega. Vipande vya dhahabu vikamwagika mezani, mbele ya wachimbaji wote waliokuwa wakitoka zamu.

"Kumbe ndiyo maana vibwengo wa mgodini hawaachiwi makombo yao ya bahati siku hizi, binamu," mlinzi alisema, akimwita kama wachimbaji wa Cornwall walivyoitana wote, na watu wakacheka.

Pascoe alipelekwa kwa meneja akijua ni jela. Grass Valley nzima watu waliiba, lakini aliyekamatwa alifungwa. Ajabu, meneja alimfukuza kazi tu, akamwahidi kwamba jina lake litafika kila mgodi wa California na Nevada.

Nani alimchongea? Kikulacho ki nguoni mwako, na Pascoe hakutafuta mbali. Kule chini alichimba bega kwa bega na Digory, rafiki yake tangu utotoni kwao Cornwall. Ni Digory pekee aliyemwona akichomeka dhahabu kwenye mkate.

Alimkuta njiani.

"Umeniuza kwa bei gani?"

"Sijakuuza, binamu. Mimi mwenyewe ninaiba, nitakuuzaje?"

Pascoe alimpiga ngumi za uso, moja baada ya nyingine, mpaka kikohozi kikambana. Kilikuwa kikohozi cha vumbi la mwamba, kilekile kilichowazika baba yake na kaka zake. Digory, mdomo ukimvuja damu, ndiye aliyemshika asianguke. Pascoe alimsukuma, akaenda zake.

Nyumbani, Tamsin mkewe alimwosha mikono. Pascoe alilia kama mtoto.

"Afadhali angenichoma kisu. Rafiki yangu, Tamsin! Sasa hakuna mgodi utakaonichukua."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

"Hata Nevada?"

"Nimekwambia hakuna."

Tamsin alishusha pumzi. "Basi twende Oregon kwa kaka yangu. Ana matufaha mengi, watu hana. Hewa ya kule nzuri."

"Na meneja akibadili nia? Jela itanifuata hukohuko."

"Habadili," Tamsin alisema, huku akikamua kitambaa chenye damu ya Digory. "Aliniapia kwa Biblia, kabla sijamwambia watazame ndani ya mkate."