Damu ya Nyumbani

Tangu sheria iruhusu mwanariadha kuongezewa damu ya ndugu yake, Jerop hakuwa ameshindwa hata mara moja. Mfuko mmoja wa damu ya dada yake Chesang kabla ya mbio, na mlima aliupanda kana kwamba anateremka. Chesang naye alijivunia kila medali, ingawa siku hizi alipumzika mara mbili kabla ya kufika jikoni.

Siku Chesang alipojifungua, Jerop aliingia wodini kwa madaha, medali mpya shingoni.

"Msichana," mama yao alisema, akimkabidhi mtoto. "Na usiwe na wasiwasi, tumeshampima. Damu yake inalingana na yako."

Chesang aligeukia ukutani.

Jerop alicheka, akampakata mtoto. Alikuwa mzito, mwenye afya. Bila kujijua, Jerop alikuwa ameanza kuhesabu miaka.