Sufuria Isiyoshika Ukoko

"Hii ni nonstiki, madam," muuzaji aliniambia katika duka la vyombo mjini Kitale. "Ugali inatoka yenyewe. Stilwaya ya kusugulia utasahau, bana!"

Ndiyo sababu niliichagua. Tangu tulipomzika Mama, Baba akimaliza kula hubandua ukoko wa ugali, akauweka kwenye sahani na kuufunika karibu na meko, kwa sababu ukoko ulikuwa fungu la Mama. Asubuhi sahani huwa tupu. Mimi husema ni panya. Niliamini kwamba sufuria isiyo na ukoko ingemponya taratibu, bila mtu kumgombeza.

Baba, niliyekuwa nimekuja naye dukani, aliichukua. Kidole gumba chake kilizunguka ndani polepole, juu ya ule weusi laini, kama kinachotafuta mahali pa kukwama.

"Hii haishiki kabisa?"

"Haishiki, mzee. Hata kidogo."

"Sasa mama yako atakula nini, Sellah?"

Muuzaji alicheka, akidhani ni utani. Alipouona uso wa Baba, akageuka kupanga vifuniko.

"Baba," nilisema kwa upole, "Mama tulimzika."

"Si najua. Lakini jana ukoko ulikuwa mwembamba. Alinung'unika huko jikoni mpaka nikakosa usingizi."

Nilitaka kumshika mkono, nimwambie hakuna mtu jikoni. Lakini mimi pia nilikuwa nimemsikia.

Nikairudisha nonstiki kwenye rafu.

"Tuonyeshe zile nzito za alumini," nikamwambia muuzaji. "Zile zinazoshika sana."