Pete ya Drusilla

"Na wewe dada, unapenda ipi?" sonara alimuuliza Drusilla, aliyesimama na mama yake, akaweka pete mbili juu ya kitambaa cheusi.

Mchumba wake alikuwa ameshachagua dhahabu, kisha akatoka kusubiri barazani. Mkwe wa Kikisii hasimami bega kwa bega na mama mkwe wake, hata ndani ya duka la Mhindi mjini.

Drusilla aliijaribu ya fedha. Ilikwama kidogo kwenye kifundo cha kidole, akaisukuma mpaka ikakaa.

"Dhahabu inajionyesha sana," alisema. "Mimi naipenda hii, Mama. Inafanana na ebitinge zako."

Mama alitazama miguu yake. Bangili zile za chuma alivishwa alipoolewa, na mke hazivui mpaka mumewe afe. Utotoni, Drusilla alikuwa akizisikia zikilia njiani, akafurahi kwamba mama amerudi kutoka sokoni.

Mama aliinama, akazipandisha kwa vidole viwili. Chini yake ngozi ilikuwa nyeusi, ngumu, imebonyea kama shingo ya ng'ombe aliyezoea nira.

Drusilla hakuwahi kuiona.

"Hebu ivue hiyo," mama alisema kwa Kikisii, kwa sauti ya chini, ili wa barazani asisikie.

Drusilla akavuta. Pete haikutoka. Akavuta tena.

Mama akaushika mkono wake, akakipaka kile kidole mate.

"Fedha ni nzuri, mwanangu. Chukua fedha. Lakini uchukue inayovulika."