Utepe Nyuma ya Kioo

Mambo yaliharibika Jumanne ile, gari la ofisi lilipokataa kupunguza mwendo konani na kumuua mke wa mzee mmoja, aliyekuwa dereva wao. Wakubwa wakasema gari lilikuwa zima, uzembe ni wa marehemu.

Uzembe! Mkewe ndiye aliyewalalamikia: kruzi, kile kifaa cha kushikilia mwendo, taa yake inawaka hata ukikizima. Wakalipeleka karakana yao, likarudi taa imezimika. “Tumekutengenezea, mama, sasa tupumzishe.”

Leo, kwenye uwanja wa vyuma chakavu, fundi aliyeletwa na mzee aliunganisha betri kwenye mabaki ya gari. Swichi ya kruzi imezimwa, taa giza.

“Mzee wangu, hapa hamna kitu.”

“Fungua.”

“Bisibisi haifufui mtu, mzee.”

“Fungua, mwanangu. Nimeshachoka kuambiwa hamna kitu.”

Fundi akang’oa kioo cha dashibodi. Nyuma yake, juu ya taa, palibandikwa utepe mweusi, umekatwa kwa mkasi, kingo zimenyooka kama kazi ya fundi cherehani. Akaubandua kwa ukucha. Taa ya manjano ikaonekana inawaka, ilhali swichi bado imezimwa.

Mzee aliupokea utepe, ukamnata kidoleni.

“Haya, niambie,” alisema. “Nani alikaa chini akaukata vizuri hivi?”