Kiti cha Isakwisa

"Amezikwa juzi, leo ameketi, na jina lake anaitikia. Ni nani?" Sedekia aliuliza, akimsaidia Alawi kushusha kamera garini.

"Nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Chukua Iringa."

"Nimekwenda Iringa, nimekula, nimerudi. Ni mrithi. Kwetu Unyakyusa mtu akifa, mdogo wake hukalishwa kiti chake, na tangu hapo huitwa kwa jina la marehemu. Hiyo ndiyo picha wanayoitaka wakubwa wako."

Alawi alikuwa mpiga picha wa mjini Mbeya. Mwaka ule wa 1954 ofisi ya jimbo ilimtuma akusanye picha za mila, ziwekwe kumbukumbu.

Uwanjani wanaume walikuwa wakicheza ngoma ya msiba. Sedekia akaenda kujiunga nao. Ndipo Ikupa, mjane wa marehemu Isakwisa, alipomvuta Alawi shati.

"Bwana picha, nipigie mume wangu. Hakupata kupigwa hata moja. Huyu aliye tumboni atamjuaje baba yake?"

"Mama, aliyezikwa nitampigaje?"

"Si yule pale, ameketi?"

Nyuma ya nyumba, penye migomba, mwanamume alikuwa kwenye kigoda. Shati lake jeupe lilikuwa na udongo mbichi mabegani. Alawi akatabasamu; udongo haukumshangaza, kwani wafiwa hujitupa chini, na kitendawili alikuwa ameshateguliwa.

"Huyu ndiye Isakwisa?"

"Ndiye."

Tupokigwe, shangazi wa marehemu, akapita na mtungi wa maji. Shangazi hakumsalimu aliyeketi. Alimtazama Ikupa tu, kwa huruma, akaenda zake.

"Inua kidevu kidogo, kaka," Alawi akasema.

Mtu yule akainua polepole, kama mlango uliovimba kwa mvua. Macho hayakupepesa. Ikupa akampangusa udongo shavuni kwa ncha ya kanga, akasimama kando yake, mkono tumboni.

Kamera ikalia.

"Ndaga, baba," Ikupa akashukuru. Uso wake ukatulia, kama wa mtu aliyetua mzigo.

Alawi alikuwa ameshafunga vyombo vyake lori la kutoka Makongolosi liliposimama barabarani. Akateremka kijana mwenye matope hadi magotini. Ngoma ikanyamaza. Sedekia akamkumbatia, kisha akageuka.

"Usiondoke, Bwana Alawi. Huyu ndiye Filemoni, mdogo wake marehemu, hana mwingine. Mto ulimzuia njiani. Sasa ndiyo tunakwenda kumkalisha."