Bahasha Iliyotiwa Gundi

Boti ilikuwa imekwisha kuacha gati nahodha alipomrushia dada yake bahasha, imebanwa kwa kibanio cha nguo isipeperuke. Akaidaka. Miaka tisa alikuwa akizidaka bahasha hizo, na hakuna hata moja iliyowahi kufungwa. Hii ilikuwa imetiwa gundi mdomoni.

"Gundi tangu lini?"

"Tangu leo, dada."

Nyuma yake, baba mkwe wa daktari wa meno alikuwa akijaribu fimbo ya kuvulia, akiizungusha kama mtu anayefukuza nyuki. Ndoana ikapita karibu na sikio la nahodha.

"Mzee, samaki wako chini, si hewani," daktari akasema. Wakacheka, wakaenda. Wageni wawili, boti nzima yao mpaka alasiri.

Kazi yenyewe ilikuwa kupeleka watu kuvua juu ya meli iliyozama. Mahali ilipolala, nahodha alipatafuta miezi mingi kwa kupapasa maji, na hakumwambia mtu. Ila kila safari aliandika namba za mahali hapo kwenye karatasi, akamwachia dada, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Simu huko hazishiki. Kwa hiyo kila saa aliita redioni, neno moja tu: "Shwari." Dada hakujibu kamwe, maana bandari nzima ilitega masikio. Zikikosekana shwari mbili mfululizo, afungue bahasha.

Wiki iliyopita ndoana ya mgeni ilikuwa imepandisha kipande cha kamba ya buluu kutoka kule chini. Nahodha alikitupa juu ya meza ya ofisi.

"Mtu anatia nanga kwenye meli yangu."

"Si hiyo hiyo meli inayokula nanga zetu kila mwaka?" dada alisema. Alikuwa akizungushia uzi mwekundu ncha ya kamba mpya isifumuke. Kamba zote za boti yao alizifunga hivyo, kwa mkono wake.

"Inakula. Haitapiki. Hii buluu ni ya Kipara."

"Duka ni moja. Sote tunanunua buluu."

Kipara alikuwa nahodha wa boti ya jirani, mgane mwenye maneno mengi. Kila asubuhi alikuja kunywa chai ofisini kwao, anakaa hapo hapo mezani penye bahasha. "Shemeji," humwambia nahodha, "huyu dada yako mahari nilete samaki au dizeli?" Siku za karibuni nahodha alikuwa haitikii.

Saa nne, shwari. Saa tano, shwari.

Saa sita redio ilikwaruza tu. Dada aliipandisha sauti, akaishusha, akaigonga kwa kiganja. Nje upepo ulianza kuvuta mapazia, na maji yalikuwa yanakupwa. Saa saba, kimya. Akavunja kanuni ya miaka tisa, akabonyeza kitufe.

"Mdogo wangu. Sema chochote."

Mkwaruzo.

Akapiga simu bandarini. "Boti yetu ya uokoaji iko nchi kavu, mama," sauti ikamjibu taratibu. "Inangoja propela." Tangu lini? Tangu mwezi uliopita.

Gatini alikuwa amebaki Kipara peke yake, anaosha sitaha. Dada alisimama mbele yake na bahasha mkononi. Kumpa namba zile ni kumpa riziki yote ya mdogo wake, na mdogo wake hatamsamehe. Lakini ili mtu akununie, lazima kwanza awe hai. Akaichana.

Kipara alisoma, utani ukamtoka usoni.

"Una hakika na hizi?"

"Ni mwandiko wake."

"Hii ya mwisho ni tatu au nane?"

"Tatu."

Akajikuna kichwa. "Basi yuko pabaya. Kaa kwenye redio."

Akakaa. Kitu kingine cha kufanya hakikuwepo. Saa nane Kipara akaita: "Nimefika. Simwoni. Ngoja nisogee ndani kidogo." Kisha naye hakuita tena, hata alipoitwa kwa jina lake halisi, ambalo dada hakuwahi kulitumia.

Saa tisa boti ya mdogo wake ikatokea, kutoka upande mwingine kabisa wa bahari. Chewa wawili wakubwa walikuwa wamelala sitahani, na daktari wa meno alikuwa ameungua pua.

"Mbona hukuita?"

"Nimeita kila saa." Nahodha akatazama juu. Waya wa redio ulikuwa umekatika unaning'inia, na ndoana ya mzee ingali imenasa hapo.

"Kipara kakufuata," dada akasema.

"Kwa namba zipi?"

Akamnyooshea karatasi. Nahodha akaketi juu ya kreti la barafu, polepole, kama mtu aliyeambiwa ana ugonjwa.

"Dada, hizo niliandika kwa ajili ya mwizi."

Boti ya Kipara ilikutwa juu ya mwamba wa namba zile, mahali ambapo maji yakikupwa hayafiki magotini. Mwili wake ulikutwa siku ya tatu. Daktari wa meno na mkwewe waligawana chewa, kila mtu mmoja. Dada alifunga ofisi akaenda kuishi kwa binamu yake, kwenye nyumba isiyo na redio. Nahodha aliuza boti pamoja na siri ya meli yake, na sasa analinda geti la ghala la saruji, mbali na pwani. Mnunuzi alishusha mzamiaji kwenye meli hiyo akaondoe kamba kuukuu zisije zikanasa ndoana za wageni. Mzamiaji aliibuka na nanga moja, na kamba ndefu ya buluu iliyokatika katikati. Ncha yake ilikuwa imezungushiwa uzi mwekundu.