Chiriku na Bendi Zake

Chiriku alijaliwa sauti, akanyimwa utulivu. Kila bendi aliyoingia, wimbo wake ukishika tu, alihama.

“Unakimbilia wapi?” Kiboko, kiongozi wa bendi yake ya kwanza, alimuuliza.

“Natafuta bendi ya hadhi yangu, mzee,” akajibu, mguu mmoja uko mlangoni.

Alipozimaliza bendi zote za msituni, akarudi kwa Kiboko. Jukwaani Kasuku alikuwa akiimba wimbo aliouacha Chiriku, neno kwa neno. Chiriku akapanda, akauimba mwenyewe. Wachezaji wakamzomea: “Mgeni huyu anauharibu wimbo wa Kasuku.”

Kiboko akamvuta pembeni. “Nafasi iliyobaki ni ya kuitikia. Simama nyuma ya Kasuku, umfuatishe.”

Chiriku akautazama mlango. Huko nje haikubaki bendi hata moja ambayo hajaihama.